Nani Anamlipa Bibi wa Kijani?

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Joto. Hakuna mteja. Chumba changu cha gemu, hapa mkabala na soko la mifugo, leo kilipokea nzi na mbuzi mmoja aliyepotea. Mbuzi alikaa zaidi ya nzi.

Shemeji Noordin, kaka wa mke wangu na mwenye chumba, alipita. Hakukaa. Alitazama kuta kama mtu anayepanga magunia kichwani. Akasema ana vitunguu vinakuja Ijumaa, na vitunguu, tofauti na mimi, vinalipa. Kwa hiyo nina muda hadi Ijumaa wa kujaza chumba wateja. La sivyo nitaishia kwenye kibanda cha maziwa cha mke wangu Ruweyda, nikiosha madumu mbele ya watu wote walionijua nikiitwa mkurugenzi. (Nilijiita mwenyewe. Lakini waliitikia.)

Nikacheza peke yangu. Shujaa wangu ana upanga, ana ngao, na ana mimi, kwa hiyo anakufa sana. Kila akikatwakatwa anakokotwa hadi kwa bibi mmoja wa kanzu ya kijani. Bibi anamwekea mkono kichwani, amepona. Bure! Hana droo ya pesa, hana karani, hana bango la bei. Leo nimekwenda kwake mara nyingi hadi nimeona haya.

Nani anamlipa?

Nilimwuliza rafiki yangu Mowlid, karani mstaafu wa ushuru sokoni. Akasema ni mfalme, kwa kodi ya mifugo langoni. Nikamwonyesha lango. Hakuna mtu. Mowlid alisikitika kweli. Alisema ufalme usio na mtu wa ushuru langoni si ufalme, ni uvumi.

Ruweyda hakuinua hata macho. Kwani yule bibi hana ukoo? Watu wake wanamchangia. Qaaraan tu, kama sisi tunavyochangiana mtu akipatwa na jambo.

Wanawake hawaelewi uchumi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata! Mlango wa pili kutoka kwa Bibi wa Kijani kuna duka la ngozi na mapanga. Shujaa akipona tu, miguu inampeleka huko. Mwenye duka ana pua ileile ya Bibi. Ni kaka yake! Yeye anaponya, kaka anauza. Bure ni mlango tu, pesa iko uani.

Na ushahidi uko ng'ambo ya barabara. Aweys, dalali wa ngamia, adui yangu tangu madrasa. Wafugaji wakileta mifugo wanalala kwake bure, wanakula kwake bure. Sokoni nani anawauzia? Aweys. Ni Bibi wa Kijani mwenye ndevu.

Mpango: chai bure, ya maziwa ya ngamia, na kuchaji simu bure. Mfugaji anakaa, anakunywa, anaona skrini, anashika rimoti. Kesho analeta binamu zake.

Ruweyda alikubali kunipa maziwa hadi Ijumaa, kwa sharti kwamba dumu la hoteli lisiguswe. Hoteli ile ndiyo mteja wake mkubwa. Nikaapa. Akasema nisiape, niseme tu ndiyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi hakuja mtu. Kitu cha bure kinatisha. Halafu akaja mzee mmoja kutoka Bura, akanywa, akaketi, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa nyumbani. Moshi wa makaa ulikuwa umenikaba, nikakohoa vizuri, nikasema alhamdulillahi. Akatikisa kichwa polepole. Akainua mikono, akaomba dua ndefu. Adabu ya watu wa Bura!

Kufikia adhuhuri chumba kilijaa. Wote walikunywa, wote waliinua mikono, wote walinitazama kwa upole. Hakuna aliyeshika rimoti. Nilipomsukumia kijana mmoja rimoti, aliniambia, adeer, ami yangu, pumzika, usijichoshe.

Sijawahi kuheshimiwa hivi. Nimechoka, lakini kwa njia nzuri.

Jumanne, 9 Septemba

Watu zaidi. Nyaya za simu zimejaa sakafuni kama matumbo ya kondoo. Maziwa yaliisha kabla ya alasiri. Dumu la hoteli lilikuwa pale, limefunikwa vizuri, linanitazama. Niliazima kidogo. Halafu kidogo tena. Halafu dumu likawa jepesi, na dumu jepesi likipelekwa hotelini ni aibu, kwa hiyo nilimalizia.

Aweys alivuka barabara. Nilishika birika kama silaha. Lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamelowa, akasema, “Walaal, ndugu yangu, tusameheane.”

Nikasema nimesamehe. Nimekua. Biashara imenikuza.

Ndipo akasema kwamba yeye ndiye aliyemwambia Noordin kuhusu biashara ya vitunguu, na kwamba chumba changu kingefaa.

Nilikuwa nimeshasamehe! Huwezi kuurudisha msamaha kama shati lisilokutosha. Nikampa chai. Alikunywa vikombe viwili, akaondoka akijifuta macho. Kuna kitu sikielewi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeelewa.

Siku ya soko. Vumbi, ngamia, kelele. Nilikuwa katikati ya pango la joka nikasikia kilio mlangoni. Eddo Barwaqo, dada wa marehemu baba yangu, amepanda basi kutoka Elwak na blanketi nne na kibuyu cha samli. Alinikuta nimeshika rimoti, natoka jasho. Akasema, wallahi mtoto ana homa, anashika vitu ovyo.

Hapo yote yakafichuka. Mtu akigawa chai mchana kutwa bila sherehe wala ndoa, hiyo ni sadaka. Na sadaka ya ghafla, kutoka kwa mtu anayejulikana kwa ubahili, ni ya mgonjwa anayeomba Mungu amwongezee siku. Mzee wa Bura aliona nakohoa. Akamwambia mmoja, yule akaweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Kufika Elwak nilikuwa na ini bovu. Kufika Takaba nilikuwa nimeacha wosia. Na ukoo umeshachanga, mshika hazina ni Aweys.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Wakati huohuo akaingia Noordin. Akaniona, akaona eddo analia, akaona chumba kimejaa watu. Akavua kofia. Akasema vitunguu si kitu, shemeji, kaa na chumba hadi Mungu atakapoamua.

Nikaufunga mdomo. Nikalala chini. Nikakohoa.

Kwa hiyo Ruweyda alikuwa sahihi, ni qaaraan! Bibi wa Kijani ana ukoo. Sijamwambia. Mgonjwa hapaswi kukubali kushindwa, inapunguza nguvu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ugonjwa ni kazi ngumu. Nimo chini ya blanketi zote nne katika joto la Garissa. Eddo ananinywesha samli ya moto kila nikifumbua macho, kwa hiyo sifumbui. Mashine ya gemu imefunikwa kitambaa kwa heshima. Wageni wanakaa juu ya rimoti. Sheikh alikuja kunisomea, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mgonjwa kweli.

Wageni wanakunywa chai. Maziwa ya nani? Ya Ruweyda. Leo nimesikia wakisema kwa sauti ya chini kwamba hoteli imekosa maziwa tangu juzi, na sasa inachukua kwa Istahil, yule anayekaa kibanda cha pili.

Ruweyda aliingia, akanitazama chini ya blanketi. Yeye anajua. Anajua kikohozi changu cha kweli na cha kukwepa kazi. Nilingoja anifokee. Alichukua dumu tupu, akatoka. Heri angenipiga nalo.

Mowlid alininong'oneza kwamba kesho gari linakuja. Ukoo umeamua nipelekwe Nairobi, kwa daktari bingwa, nipasuliwe waone ini.

Ijumaa, 12 Septemba

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli kwa sababu ya Ruweyda. Nilianza kufikiria hivyo. Lakini gari lilikuwa mlangoni, na dereva aliuliza kama mgonjwa ataketi au atalazwa, na mtu mmoja akataja visu. Nikasimama. Nikasema siumwi.

Eddo akasema ni homa.

Nikasema si homa, eddo, ni biashara. Nikaeleza yote: Bibi wa Kijani, kaka yake mwenye pua, chai. Nilieleza vizuri mno. Sheikh aliniomba nirudie sehemu ya pua.

Aweys alisema anaondoa toba yake na anataka nirudi kumchukia kama zamani. Nikamwambia sikuwa nimeacha.

Wengine walitaka mchango urudishwe kwa kila mtu. Eddo Barwaqo akainua fimbo. Alisema qaaraan haitolewi ikarudi mfukoni, hutolewa kwa aliyepatwa na msiba. Na msiba upo. “Ruweyda ndiye aliyefiwa,” akasema, “ila maiti yake inatembea na inapenda chai.” Akamwita Aweys, akachukua bahasha, akaiweka mikononi mwa mke wangu. Ruweyda alificha uso kwa shungi. Mabega yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Baada ya swala magunia yaliingia. Noordin aliyapanga palepale macho yake yalipopanga Jumamosi. Chumba kinanuka vitunguu, na mimi pia, kwa sababu nilisaidia kubeba. Macho yalinitoka machozi. Vitunguu hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Naosha madumu. Watu wanapita, wananiamkia kwa upole, mkurugenzi, ini linasemaje?

Ruweyda amenunua madumu mapya, na kuna mkahawa karibu na daraja umeanza kuchukua maziwa kwake. Ameniruhusu kuweka mashine juu ya kreti nyuma ya kibanda, mradi niwe nimeosha. Eddo amerudi Elwak. Ameniachia fimbo yake, akisema Ruweyda ataihitaji.

Leo shujaa wangu amefika mji mpya. Kuna nyumba kubwa, na kila msafiri anapewa kitanda na uji. Bure! Nimezunguka nyumba yote. Hakuna karani, hakuna bango, hakuna droo. Nani anailipia?

Nimetazama ng'ambo. Wafugaji wamejilaza kwenye mikeka ya Aweys, bure, na hakuna hata mmoja anayemlilia Aweys wala kumpima ini. Nimekaa nalifikiria jambo hili hadi Ruweyda ameniita mara ya pili.

Kosa lilikuwa chai! Chai inawakumbusha watu kifo. Kitanda hakina shida hiyo. Mowlid ana chumba cha nyuma, hakitumii. Na blanketi nne za eddo bado ziko, mpya kabisa, hakuna mtu aliyezifia.