Simbi Mbili za Mtemi Kashinje

Jumamosi, 5 Julai 1997
Mimi ni mtu wa bahati, tusidanganyane. Kule kijiji cha Mwese nilijenga kaburi moja tu, kijiji kizima kikanisindikiza mpaka barabarani! Hapa Magamba fundi mwenzangu Anicet anajua msalaba na "Pumzika kwa amani", basi. Mimi nina gazeti la Kiingereza, alilisahau padri. Nimelisoma karibu lote. Picha zote. Kuna watu wa Amerika ya zamani, Wamaya. Mfalme wao anachongewa jiwe angali hai: siku aliyozaliwa, siku aliyotawazwa, maadui aliowakamata. Nukta ni moja. Mstari ni tano. Pasipo na kitu wanachora simbi, kauri ya baharini.

Nimemwendea Kashinje, mtemi wetu wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Alishika filimbi ya utemi Septemba mosi 1987. Mwaka ambao Wamaya wanahesabia kwenye mawe una siku 360, kwa hiyo miaka yake kumi inatimia Alhamisi hii. Nimemwambia mkubwa bila jiwe ni mchunga ng'ombe tu. Kaahidi mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado!

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Wenzangu wanakunywa, mimi nachora kwa msumari kwenye saruji mbichi. Mtemi hajui siku aliyozaliwa. Mama yake alisema mwaka wa nzige. Nimempa Jumatano, inamfaa. Nimemchora kasimama, jina lake juu, na chini ya miguu yake nimelaza mwizi wa ng'ombe, kifudifudi. Halafu hesabu: mistari miwili, simbi mbili. Miaka kumi, hakuna mwezi wala siku ya ziada. Mke wangu Specioza kauliza kama nimeanza uganga. Wivu wa elimu.

Jumanne, 8 Julai
Anicet kafunua turubai. Kauliza hiyo hesabu Alhamisi inafanyaje. Nikamjibu kitaalamu kwamba inaisha. Kaondoka bila kuaga.
Fundi makaburi kuandika jina la mtu aliye hai! Hilo sikuliwaza. Jioni soko zima linajua: Leodgar kamwandikia mtemi siku ya kufa, na simbi za mganga juu yake. Na mtemi kaanza kukohoa.

Jumatano, 9 Julai
Filimbi. Wamenichukua asubuhi, pinde mkononi. Mtemi kakaa kigodani, blanketi begani.
"Leodgar, hizi simbi ni nini?"
"Sifuri, mtemi."
"Mimi ni sifuri?"
Nikasema ni sifuri mbili. Sijui kwa nini nilisema.
Wameamua. Kesho nikae naye kutwa, nionje kila anachokula. Jua likizama yuko hai, narudi kwangu. Akifa, tunahamishwa mimi na wanangu, na nyumba inachomwa. Specioza kafunga masufuria ndani ya khanga. Hajanitukana. Hapo ndipo nimeogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Naandika huku namtazama. Uji nimeupika mwenyewe, nimeonja vijiko vinane. Nimemkanda miguu. Saa tano kakohoa mara kumi na nne: mistari miwili, nukta nne. Wenye pinde mlangoni nao wanahesabu. Nimemhurumia mzee, wallahi, na hofu yake anaificha kama mimi. Saa tisa kalala kimya mno. Nikapeleka kidole puani. Hamna pumzi! Nikaanza Baba Yetu.
Kafumbua jicho moja. "Bado," akasema.
Jua limezama. Kaomba ugali.

Ijumaa, 11 Julai
Mzima! Kikohozi kimekwisha. Mtamba kapewa Anicet, kwa kutoa taarifa mapema. Jiwe limelazwa kifudifudi kisimani, akina mama wanafulia juu yake. Wanalisifu sana, halitelezi. Specioza kafungua masufuria. Kaniambia nichome gazeti.

Jumamosi, 12 Julai
Sijachoma. Ukurasa wa mwisho unasema Wamaya wana hesabu nyingine, kubwa, ya dunia nzima! Inafika mwisho 2012. Mchungaji Osward ana ukuta mpya kanisani, mweupe, hauna hata nukta. Kesho baada ya ibada namwona. Simbi nitachora kubwa zionekane toka nje.
Specioza kauliza kama Magamba nako nataka wanisindikize. Anajua. Mwese walikuja na marungu. Bahati sijawahi kuwa nayo.