Mtafiti wa Ukurasa wa 212

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na tisa nasahihisha Kitabu cha Watu Mashuhuri. Wanariadha, waimbaji, mawaziri, wanasayansi, wote nimewanyooshea koma zao. Mimi je? Hata kwenye shukrani simo! Leo Mkurugenzi kamsifu Miwani, msahihishaji mwenzangu, ati ana jicho la mwewe. Mwewe gani wa kuvaa miwani? Basi. Ukurasa wa 212, upande wa sayansi, una nafasi. Nimejipenyeza. Mtafiti wa kunguni. Si uongo, nyumbani nimepambana nao sana.

Jumatano, 5 Machi
Kizingiti. Kitabu kinapokea marehemu tu, na kompyuta haikubali wasifu usio na mwaka wa kufa. Nimeweka mwaka huu. Tarakimu tu hizo. Mke wangu kauliza nacheka nini. Nikamwambia atajua watu wakianza kumheshimu.

Jumatatu, 17 Machi
Kitabu kimetoka! Nina mistari kumi na minne. Mkimbiaji wa ukurasa unaofuata, mwenye medali nne, ana tisa. Nimejisoma mara sita. Nimeandikwa vizuri mno.

Jumanne, 18 Machi
Makubwa! Afisa utumishi kakisoma. Nafasi yangu iko wazi, meza kapewa Miwani. Nikamwambia afisa mbona nimesimama mbele yake. Akasema yeye hafuati macho, anafuata maandishi, na aliyetia sahihi kwamba kitabu hakina kosa hata moja ni mimi. Nyumbani nikamkuta shemeji kaja kunizika. Kanikasirikia, ati nimemkatishia safari yake bure. Mke wangu alitupakulia, tukala. Kisha akasema afadhali ningekufa kweli, angejua la kuwajibu majirani. Limeniuma hilo. Sikuonyesha.

Ijumaa, 21 Machi
Mkurugenzi katuita, mimi na mke wangu. Kaweka fomu mezani. Nikitia sahihi kwamba niko hai, Jumatatu narudi kazini, Miwani ananipisha, na ukurasa wa 212 unang'olewa katika nakala zote. Nisipotia, kazi ndiyo imekwenda hivyo, moja kwa moja. Mke wangu kanifungulia kalamu kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

Nimeomba siku mbili nikafikirie.