Sweta ya Mama Adoyo

Jumatatu, 4 Machi 1996

Siku ya kumi na moja na Adoyo. Ana miaka saba. Mama yake alichuma majani chai kwenye shamba la kampuni, akafariki Januari. Mtoto bado hajaniita jina lolote. Ijumaa anakuja Bi. Phelis wa ofisi ya watoto ya kanisa, amuulize mwenyewe kama atabaki kwangu. Nataka abaki. Nyumba ina vikombe viwili tena.

Jirani yangu Bilhah, ambaye naye analea watoto wawili, alisema mbele ya watu pale kituo cha kupimia majani kwamba wake wananukia sabuni na wangu ananuka moshi wa jikoni. Watu walicheka. Nami nikacheka. Niliumia.

Jumanne, 5 Machi

Kinachonuka ni sweta ya marehemu mama yake. Ya kijani, imetoboka kiwiko. Analala amejifunika nayo usoni. Mpango: nimtume kwa Bilhah kuomba mbegu za sukuma wiki, niifue upesi. Akaenda ameivaa. Alirudi na mbegu na salamu: Bilhah anauliza kama kwangu mimi Johana sabuni siku hizi inaandikwa na daktari.

Jumatano, 6 Machi

Mkutano wa walezi. Bi. Phelis alifundisha tusimlazimishe mtoto kula, na kitu alichokuja nacho tusikiguse bila kumuuliza. Niliandika yote. Bilhah alikaa mbele, akiitikia kwa kichwa kama mke wa pasta.

Alhamisi, 7 Machi

Adoyo ameanza shule. Sweta isiyo ya shule ni marufuku, akaiacha chini ya mto. Niliifua mara mbili. Nikaianika kwenye ua, upande wa Bilhah.

Adoyo alirudi, akainusa. Hakulia. Aliniuliza nimempeleka wapi mama yake.

Chakula kililala. Nilifungua sanduku, nikatoa leso ya Elmina, marehemu mke wangu. Haijafuliwa tangu nimzike, miaka miwili. Dada yangu Janeffer alipotaka kuifua nilimfukuza hadi barabarani. Nikampa Adoyo ainuse. Alinusa polepole, akasema huyu alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasema ndiyo, kila asubuhi, akiimba vibaya.

Akaniomba sweta tuitundike juu ya meko, ishike moshi kama wa jikoni kwa mama yake. Tumeitundika.

Ijumaa, 8 Machi

Bi. Phelis alikohoa tangu mlangoni, nyumba nzima moshi. Akamuuliza Adoyo. Adoyo akasema atabaki na Babu, maana wanangoja sweta. Babu ni mimi. Nilitoka nje kidogo kumwangalia ndama. Ndama hakuwa na shida yoyote.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefikiri sana kwa nini mtoto amekubali. Ni usafi. Bilhah alikuwa na haki, ingawa sitamwambia.

Nilipokuwa nikifagia nimeona chini ya kitanda cha Adoyo kifuko cha kitambaa. Kinanuka samaki, na kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Nimenunua mche mzima wa sabuni. Jumatatu, akienda shule.