Mgiriki Aliyevaa Sare ya Harusi

Jumatatu, 8 Juni

Ushindi! Komite ya harusi ya Merveille imenipa mapambo ya ukumbi, mimi, Papa Onesphore wa mtaa wa Frogtown, hapa Amerika. Sosthène wa Woodbury, mzee wa maputo, amenuna mpaka kwenye maegesho. Aliyenitetea ni Mama Euphrasie, mama wa bibi harusi. Mama huyu! Miaka tisa iliyopita nilishuka ndege hapa katika theluji ya Januari, nimevaa ndala. Akanivalisha koti la marehemu mume wake palepale, mbele za watu. Sijapata namna ya kumshukuru. Jumamosi, siku ya harusi, nitaipata. Nikiharibu, sijui nitamtazama vipi kanisani.

Nikirudi nyumbani nikaliona jengo la Kapitoli, bunge la jimbo, nguzo zake na kuba lake. Nimelipita mara elfu. Leo limenisemesha. Merveille ataolewa Kigiriki!

Jumatano, 10 Juni

Makumbusho ya Minneapolis, kiingilio bure. Asante, Minneapolis! Mlinzi mmoja, binti wa Mombasa anayeitwa Faiza, alinitembeza, akaniachia na namba ya simu. Kasema Wagiriki walianza, Warumi wakaiga, kisha Ulaya nzima ikafuata: makanisa, mabenki, majumba ya wafalme. Kasema pia sanamu zile zamani zilipakwa rangi, nyekundu, buluu, mpaka nguo za maua. Rangi ikatoka, Wazungu wakaiga weupe uliobaki wakidhani ndio uzuri wenyewe. Hilo sikulitilia maanani. Harusi ni nyeupe.

Jioni nikachonga nguzo nne za povu gumu la rangi ya waridi, lile wanalotia ukutani kuzuia baridi. Nikapuliza rangi nyeupe ya kopo. Yesu! Rangi ikaanza kula povu. Linatokota, linatoboka, kama muhogo ulioingiwa na wadudu. Nguzo ya kwanza ikaisha nusu. Nikadhani ni kopo bovu, nikafungua jingine. Zote nne!

Nikampigia Faiza, karibu kulia. Akacheka, akasema pole mzee wangu, matajiri wa Ulaya walijenga magofu mapya bustanini mwao kwa makusudi. Mungu ambariki binti yule. Kumbe nina magofu.

Ijumaa, 12 Juni

Magofu bila mwenyeji? Nikapata sanamu ya plasta kule Inver Grove Heights, mwanamume mrefu kama mimi, wanamwuza rahisi kwa kuwa kidole kimoja hakipo. Nikamsimamisha mlangoni mwa ukumbi. Mimi nilimtazama uso tu. Kweli, uso tu! Sosthène akatazama kwingine, akamwita mchungaji. Mgiriki yuko uchi. Mchungaji kasema ama huyu atoke, ama yeye hafungishi ndoa. Na Sosthène, mjanja yule, tayari ana maputo garini.

Mama Euphrasie akafika. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Hakugomba. Akatoa mkobani kitenge cha sare ya familia kilichobaki, akamfunga Mgiriki kiunoni, akakaza fundo, akamtupia ncha begani. Akamwambia mchungaji hata Adamu alivalishwa na Mungu mwenyewe. Mchungaji akakubali kufungisha ndoa. Mimi nikaenda kulia chooni. Mama huyu ameshavalisha wawili sasa.

Jumapili, 14 Juni

Harusi ilinoga! Foleni ya kupiga picha kwenye magofu ilifika mpaka nje. Akina mama wa chakula, walipoona sare ya familia, wakampelekea Mgiriki sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Bibi Mutesi, macho yake hafifu, alimsalimia mara tatu, akalalamika kwamba watoto wetu wakifika Amerika wanaanza kiburi. Hata Sosthène alicheka, kisha akanisaidia kufagia povu. Namshukuru, ingawa maputo yake ni ya kitoto.

Mama Euphrasie alisimama akanishukuru mbele ya wote. Yeye anishukuru mimi! Baadaye nikamtajia habari ya koti. Akasema alinivalisha kwa sababu kulikuwa na baridi, basi, niache kujihangaisha.

Nimemsikia. Lakini sasa kuna deni la kitenge pia. Nitanyamazaje? Mwezi ujao anatimiza miaka sitini. Nitamjengea kuba la Kapitoli, kwa povu lilelile, akae chini yake kama malkia. Rangi nyeupe nimeshanunua, makopo kumi. Safari hii nitapuliza nyingi, ishike vizuri.