Safu ya Tayari

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wetu amerudi kutoka semina na ugonjwa mpya. Unaitwa ajaili. Sisi waandika programu hatutajifungia tena miezi kadhaa ndipo tumwonyeshe mteja kazi. Tutaikata vipande vidogo na kumwonyesha kila Ijumaa. Ukutani kuna ubao wenye safu tatu: Bado, Inaendelea, Tayari. Kila kipande kina karatasi yake ya njano. Kikao cha asubuhi ni cha kusimama, eti kiwe kifupi. Mkuu aliongea mpaka miguu ikanifa ganzi.

Habari kubwa: anatafutwa kiongozi wa timu. Ni mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani, hakuna mwingine. Nimempigia mke wangu nikamwambia nimeshapata. Naye kamwambia mama yake. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuona mwanya! Mkuu hasomi zile karatasi, anazitazama tu zilivyojaa. Kazi yangu ni ukurasa wa malipo wa tajiri mmoja mwenye maduka ya dawa. Nimeukata hivi: Kuwasha kompyuta. Kufikiria kitufe. Kuchagua rangi ya kitufe. Kughairi rangi. Hadi mchana safu ya Tayari ilikuwa yangu tupu. Miwani ana karatasi moja tu, ya stoo ya dawa, na haitoki Inaendelea. Maskini! Mkuu kasema mbele ya wote kwamba hii ndiyo kasi anayoitaka. Nilijikaza nisitabasamu. Wapi!

Jumatano, 5 Machi
Kikaoni Miwani kauliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama kitufe kikibonyezwa kinalipa. Wivu huo. Nikamjibu kwamba hicho ni kipande kingine, nikaandika karatasi: Kitufe kufanya kazi. Imebaki peke yake kwenye safu ya Bado, inanikodolea macho. Baadaye kaja mezani kwangu, akaniambia ndugu yangu, kama kuna pagumu tusaidiane. Nikamwambia asihangaike.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu kapita, kauliza mbona ile moja haisogei. Nikaisogeza. Ikaingia Tayari, kwa muda tu! Hesabu yangu: mteja huyu haji vikaoni hata umbembeleze, hivyo kitufe nitakimaliza Jumamosi. Kumbe Mkuu kafurahi mno, kampigia mteja simu mwenyewe. Anakuja kesho. Na mhasibu wake.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipendekeza tuanze kwa kuitazama rangi. Mhasibu akabonyeza Lipa. Yakatokea maneno niliyoyaweka nikiwa nimechoka: Hapa tutaona baadaye. Mhasibu alicheka mpaka akapaliwa. Mkuu hakucheka. Stoo ya Miwani ilifanya kazi yote, bila urembo wowote.

Jioni tukafanya kikao cha kujitathmini, kila mtu aseme amejifunza nini. Nikasema kitufe hakikupaswa kuwa cha kijani. Uongozi kapewa Miwani. Imeniuma, sifichi. Kapendekeza tukimalize kitufe pamoja Jumatatu, jambo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaingia na shati jeupe la kiongozi, limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Kalinunua mwenyewe. Mke wangu ananitazama kwa furaha. Nikasema uongozi unaanza mwezi ujao. Nimelijaribu. Limenikaa vizuri sana.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaniuliza, baba, lile bomba la jikoni ulilosema utalitengeneza tangu mwaka jana, vipi? Kaongeza kwamba mtu anayeongoza wenzake kazini hashindwi na bomba. Mke wangu naye kaanza kuniangalia kwa jicho la kuuliza.

Hapo akili ikanijia. Nimebandika ubao kwenye friji. Safu tatu. Nimewaeleza ajaili yote, wameelewa haraka kuliko Mkuu. Bomba nimelikata vipande: Kulitazama bomba. Kutafuta spana. Kumlaumu fundi wa kwanza. Bomba kutovuja. Mama mkwe kapiga makofi. Kwa kuwa hiyo ya mwisho ndiyo pekee iliyobaki Bado, nimeisogeza nayo Tayari, kwa muda tu.

Namwona anakunja mikono ya gauni. Anasema anakwenda kunawa jikoni.