Lenzi Niliyoibadilisha kwa Pasi

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mpiga picha. Wa kweli! Si wa kubofya na kuchekacheka kama shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye kile kikamera kinachojilenga chenyewe. Mimi kamera ninayo siku nyingi, nilikosa lenzi tu. Sasa nimepata. Ya chuma tupu, nzito, unazungusha pete kwa mkono mpaka picha itulie. Fundi saa hakutaka fedha. Alitaka pasi ya umeme. Bahati nzuri pasi ya umeme ilikuwepo nyumbani. Mke wangu nimemwambia imekwenda kutengenezwa.

Fundi saa kanipa somo. Ukichungulia utaona kiduara kilichokatwa katikati. Nusu ya juu na nusu ya chini zikipishana, picha itatoka na ukungu. Zungusha pete mpaka zikutane, ndipo ubonyeze. Nikachungulia. Zimekutana! Nikazungusha pete mpaka mwisho. Bado zimekutana! Fundi saa akauliza kama nimewahi kupimwa macho.

Wivu huo. Ameshajua ameachia kitu.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu hana picha ya mama yake. Hata moja. Iliyokuwepo ililowa paa lilipovuja, likabaki gauni bila uso. Na mama mkwe, fundi cherehani mashuhuri, kamera hataki kuzisikia. Zamani mpiga picha mmoja wa kupita alimkalisha juani asubuhi nzima, akatokomea na picha mpaka leo. Jumapili hii anahama, anakwenda kuishi na binti yake mkubwa, safari ya siku mbili. Mke wangu kambembeleza wiki nzima. Leo kakubali. Jumamosi, saa nne asubuhi, picha moja. Moja tu!

Mke wangu alilia kwa furaha. Kisha akasema shemeji ndiye atakayepiga.

Shemeji! Nikasimama. Nikahutubia. Nikasema uso wa mama si wa kuachiwa mashine iamue. Mke wangu akafikiri, akasema haya, nipige mimi, lakini shemeji naye aje na kikamera chake, kwa usalama.

Kwa usalama! Halafu akauliza pasi itarudi lini.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi ofisini. Mimi ni karani wa masjala, watu wananiheshimu, wakakubali wote. Mpishi wa chai, mlinzi, na mkurugenzi mwenyewe mezani pake. Nikamwomba asipumue mpaka nimalize kuzungusha. Nilichelewa kidogo. Mkurugenzi alitoka jasho. Kila nilipochungulia, nusu zimekutana. Nina jicho la ajabu! Filamu nzima imeisha, nimeipeleka studio ikasafishwe.

Shati langu limekunjamana mno. Mkurugenzi ameuliza kama nililala nalo.

Ijumaa, 7 Juni

Picha zimetoka. Nimechemsha.

Mkurugenzi ni wingu lenye tai. Kalenda ya ukutani nyuma yake, lo, safi kabisa, unasoma mpaka tarehe za mwaka ujao kule pembeni. Mpishi wa chai hayupo, birika lipo. Mkurugenzi alizigeuza picha huku na huku, akauliza kwa upole kama nia ilikuwa kuipiga picha kalenda. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Sababu ninazo. Mwanga haukuwa mzuri. Mkurugenzi alitikisika. Kalenda haitikisiki, ndiyo maana.

Jioni shemeji amekuja kulala kwetu kwa ajili ya kesho. Kakiacha kikamera chake mezani, kaenda kuoga. Nikakifikiria. Kikipiga picha nzuri kesho, mimi nitauweka wapi uso wangu? Nimetoa betri. Sikuiba, nimeihifadhi, mfukoni mwa suruali yangu ya kesho.

Kisha nikafanya mazoezi kwenye maua ya uani kwa filamu mpya. Maua hayatikisiki. Imebaki picha moja. Inatosha, si mama mkwe ameahidi moja?

Mke wangu kaniletea kadi ya kliniki ya macho, eti nimepangiwa siku. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike yote.

Mama mkwe alifika saa nne kamili, gauni la kijani, kitambaa kichwani, pochi mkononi. Nikamwamkia kwa kuinama. Akaitikia, akanishika kola ya shati, akauliza imekuwaje nimekunjamana hivi. Mke wangu akajibu pasi iko kwa fundi. Mama mkwe akasema aa, kwa fundi, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha.

Shemeji akabofya kikamera chake. Kimya. Akakipiga piga. Kimya. Nikampa pole.

Nikaanza. Nikachungulia, nusu zimekutana. Lakini nikakumbuka kalenda. Nikazungusha, zimekutana. Nikarudi nyuma, zimekutana. Nikasogea mbele, zimekutana! Jasho likanitoka. Dakika ishirini zikapita. Mama mkwe akauliza kama leo pia atakaa asubuhi nzima kama ile mara ya kwanza. Nikacheka peke yangu. Kifuniko cha lenzi kikaniponyoka, nikainama kukiokota, na betri ikadondoka kutoka mfukoni. Ikabingirika taratibu, ikaenda kugota kwenye kiatu cha mama mkwe.

Natamani ardhi ingepasuka.

Shemeji akaitambua. Alinipa maneno ambayo siyaandiki humu. Nami nikajibu mapigo, eti niliihifadhi isije ikapata unyevu. Mama mkwe akasimama. Akashika pochi. Akasema alikuja kupigwa picha, hakuja kuamua ugomvi wa watoto wenye ndevu, na anakwenda zake kufunga mizigo.

Mke wangu alikaa tu pembeni, mikono mapajani, midomo inamcheza. Nilimwona. Nikajiona mpumbavu, na hilo naliandika bila kutia chumvi.

Mama mkwe naye alimwona. Akaiweka pochi chini. Akaja nilipo, akaniambia nipishe, aone mwenyewe ni kitu gani kinachoshinda mtu mzima hivi. Nikamweleza habari ya nusu mbili, na kwamba zimekutana tangu asubuhi. Akachungulia. Akasema zimekutana wapi, zimepishana kidole kizima, kama mistari ya kitambaa kilichoshonwa na mwanafunzi! Yeye huunga mistari ya magauni mchana kutwa, na uzi hutunga bila miwani. Kwake hii haikuwa kazi.

Shemeji akasema betri imepatikana, basi apige yeye. Mama mkwe akamwambia akae, kazi aliyoishika kwa mkono wake haiachi njiani. Akatoa chaki yake ya cherehani kwenye pochi, akachora alama miguu ya kiti ilipo, na nyingine pale aliposimama yeye na kamera. Akamkalisha mke wangu pale pale alipokuwa amekaa yeye. Akachungulia tena, akazungusha pete polepole kwa vidole viwili. Akasema pua ya binti yake sasa imeungana. Lakini hakuondoa jicho. Aliendelea kumtazama mpaka mimi nikaona haya nikaangalia dirishani.

Kisha akabadilishana nafasi na binti yake, akaniamuru nisimame kwenye alama na nisiguse chochote ila kitufe. Mke wangu akasimama karibu yangu. Mama mkwe akamwangalia yeye, si kamera.

Nikabonyeza. Moja.

Jumatano, 12 Juni

Picha imetoka. Imetoka! Kope unazihesabu. Mikunjo ya macho, nyuzi za kitambaa, kila kitu. Mke wangu aliichukua akaikumbatia kifuani. Nami machozi yalinilenga. Vumbi la studio.

Sasa anamwambia kila mtu kwamba picha hii kapiga mama mwenyewe. Ninawasahihisha mmoja mmoja. Nani alibonyeza? Alinisaidia kuzungusha tu. Na nimegundua siri: pete nimeifunga kwa utepe pale pale alipoiachia. Hapo ndipo mahali pake pa haki. Haitazungushwa tena maisha. Nimeshamwahidi mkurugenzi picha ya wafanyakazi wote, pamoja na jengo.

Alhamisi, 13 Juni

Shemeji kaleta boksi. Mama mkwe alimwachia kabla ya safari, na agizo lisifunguliwe mpaka picha itoke. Ndani pasi mpya ya umeme. Na kikaratasi. Kasema Ijumaa alikwenda kuchukua saa yake kwa fundi saa, akamkuta anapiga pasi shati, kwa pasi aliyomnunulia binti yake mwenyewe siku alipoolewa. Kasema amenisamehe. Chini kabisa ndani ya boksi, kadi yangu ya macho, imenyooshwa. Ndiyo maana meza imeanza kuyumba!

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji alicheka zaidi ya ilivyohitajika. Nimeumbuka. Nikaomba radhi kwa wote wawili, kwa dhati, nikaapa kwamba pasi hii haitatoka nyumba hii hata nikifa.

Nitakitimiza kiapo hicho. Kadi ya macho nimeiweka humu shajarani, iwe alama ya ukurasa.

Nilipokuwa nakwenda kazini fundi saa kaniita. Ana lenzi nyingine. Ndefu! Anasema unamwona ndege juu ya paa la mtaa wa pili. Nimechungulia. Ndege sikumwona, lakini nusu zote mbili zilikutana papo hapo. Pasi anayo tayari, hataki nyingine. Anachokosa ni redio.

Jioni nimemwambia mke wangu redio yetu inakoroma kidogo. Ingefaa ipelekwe kutengenezwa.