Uzinduzi wa Mashine ya Kwantamu, Bohari Namba Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, Wakurugenzi, Makaimu Wakurugenzi, wanaokaimu nafasi za Makaimu, wadau wote wa maendeleo, na ninyi mafundi na vibarua mliosimama huko nyuma juani, itifaki imezingatiwa! (Makofi, mstari wa mbele.)

Kwa unyenyekevu wangu unaojulikana na wote, mimi Mkurugenzi wenu natangaza kwamba Mradi wa Kompyuta ya Kwantamu umekamilika kwa asilimia tisini na saba nukta tatu, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya mwenyewe. Ndani ya pipa hili linalong'aa mna baridi kuliko ile ya huko angani kati ya nyota, na ndani ya baridi hiyo mna saketi ndogo kuliko chawa, ambamo umeme hukimbia bila kukwaruzwa na chochote, nayo imefungiwa kwenye kisanduku pamoja na chembe moja tu ya mwanga. (Sauti nyuma: "Moja tu? Na jengo lote hili?" Kicheko.) Moja, ndugu yangu! Saketi huitoa, kisanduku huipokea, kisanduku huirudisha, saketi huimeza tena, huku na huku, mara milioni kwa sekunde, bila kutoka nje!

(Fundi bati: "Mzee, na ruhusa yangu je? Ulisema ukishaizindua tu naenda nyumbani. Mwanangu ana miaka miwili, hajanitia machoni!")

Swali zuri sana kisayansi. Ombi lako, fundi, linafuata kanuni hiyo hiyo: msimamizi hulipeleka kwa karani, karani hulirudisha kwa msimamizi, na kwa miezi kumi na minne halijapotea hata siku moja. Huo ndio ufanisi! (Mpiga lipu: "Basi toboeni kisanduku litoke!" Kicheko kirefu. Mstari wa mbele unatazama viatu vyake.)

Kwantamu, oyee! (Mstari wa mbele tu: "Oyee.") Baridi juu! Joto chini! (Mtu mmoja anapiga chafya.)

Kwa kumalizia, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru fundi bati huyo huyo, ambaye kwa mapipa mawili ya mafuta, kopo la rangi ya dhahabu na picha iliyokatwa gazetini, alitutengenezea mashine hii ambayo Mgeni Rasmi amepiga nayo picha kumi na moja. Ndiyo maana ruhusa yake, kwa masikitiko, imeahirishwa. Wafadhili wanafika Jumatatu, na wameomba kuona mashine ya pili.

Asanteni kwa kunisikiliza.